Mjane Aliyeonekana Kamenge

"Kumbe eda yako ilikuwa na mulango wa nyuma," Dorothée alisema, ndoo tupu ikining'inia mkononi. "Mi niko nakuchotea maji kama mutumishi wako, miezi mine na siku kumi, kumbe we uko Kamenge unakunywa fanta na muuza sumu."

"Dada Dorothée, shusha sauti," mjane alimwambia.

"Nishushe ju ya nini? Imeandikwa. Avenue nzima imesoma."

"Huyo aliyeandika aliniona wapi? Mi hata kwa robine kuchota maji sikufika."

"Kwa robine hukufika, kwa baa ulifika."

Nyuma ya ukuta wa mabati mtu alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Ilikuwa Jumamosi, kazi za jamii zimekwisha, watu wamerudi na majembe yao, na katika parseli ile ya Nyakabiga, nyumba nne zinazotazamana kwenye ua mmoja, hakuna aliyekuwa na shughuli nyingine isipokuwa kusikiliza. Mama mmoja alikuwa anapepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa.

Dative alikuwa langoni kwa muda wa kutosha. Alikuwa OPJ, afisa wa upelelezi, mwanamke mfupi mwenye raba nyeupe na begi lililokatika mkanda, na kazi ilikuwa imemfundisha kwamba majirani wakigombana hutoa ndani ya dakika tano mambo ambayo ofisini utayasaka wiki mbili. Ila hawa hawakuwa wanatoa kitu. Walikuwa wanarudia gazeti, mstari kwa mstari, mmoja akishambulia kwa maneno yake na mwingine akijikinga nayo.

Dosiye aliyobeba, jalada la kesi, ilikuwa nyembamba. Bahizire, mdogo wake Dorothée, muuza vitenge aliyetokea Uvira, alikufa tarehe 26 mwezi wa nne, siku ya Jumamosi, baada ya homa ya siku mbili. Hospitali iliandika malaria ya kichwa. Wakazika, wakalia, wakanyamaza. Kisha Ijumaa ya wiki iliyopita likatoka gazeti la *Kioo cha Jiji*, na ndani yake safu ya Libère, "Niliona kwa Macho Yangu," ambayo nusu ya mji huisoma kabla ya kusoma matangazo ya vifo. Libère aliandika kwamba Alhamisi tarehe 24, saa tisa mchana, katika baa moja ya Kamenge, alimwona mjane M. wa Nyakabiga akipokea kifuko kutoka kwa muuza dawa. Siku mbili baadaye jirani aliyekuwa akila chakula cha mjane huyo akawa maiti.

Mjane M. ni mmoja tu katika avenue ile. Mwanasiti, muuza maandazi, mjane wa marehemu Massoudi fundi magari, majirani wanamwita Mama Ilias. Wakati wa eda yake Dorothée alimchotea maji kila asubuhi, naye kila jioni alirudisha bakuli la mboga kwa Dorothée na mdogo wake. Bakuli hilo ndilo lililogeuka kuwa ushahidi. Hati ya kumkamata ilishapigwa chapa, ikisubiri sahihi ya parike, ofisi ya mwendesha mashtaka, siku ya Jumatatu. Dative alikuwa na Jumamosi ile moja ya kusema ndiyo au hapana.

"Amahoro," alisema, akaingia.

Ndoo ya Dorothée ikatua chini. Watu wakapata ghafla sababu za kusogea karibu.

Dative hakukaa. Alifungua gazeti akasoma kwa sauti, polepole, kama mwalimu anayesoma imla. "'Mikono yake ilikuwa na hina mbichi, nyekundu kama pilipili ya Rumonge. Mikono hiyo ikakunjua kifuko, na harufu ya marashi ikanifikia hadi meza ya pili.'" Akainua macho. "Mama Ilias. Ulikuwa na hina?"

Kabla Mwanasiti hajajibu, wifi yake Yasmina, aliyekuwa amesimama mlangoni na upawa, alitoa sauti ya puani. "Mu eda? Madame, mu eda hata wanja apana. Hata marashi apana. Mujane anakaa hivi alivyo mupaka siku zimalizike."

"Anayevunja eda kwenda baa anaweza kuivunja na kwa hina," Dative alisema.

Yasmina akashusha upawa. Lilikuwa jibu baya, lakini la haki.

"Hina inakaa muda gani mkononi?"

"Wiki mbili. Ukiipaka vizuri, tatu."

"Haitoki kwa sabuni?"

"Hata kwa jiki."

Dative akamgeukia Dorothée. "Ijumaa tarehe 25, kesho yake, ulimpelekea maji?"

"Nilimupelekea. Mi sikuwa najua."

"Akapokea ndoo kwa mikono?"

"Ataipokea na miguu?"

Ua mzima ukacheka, hata Mwanasiti kidogo. Dative akangoja wamalize.

"Mikono hiyo ilikuwa na hina?"

Dorothée aliinama akaokota ndoo, akaitazama ndani kana kwamba jibu limebaki humo. "Sikuangalia mikono. Mudogo wangu alikuwa anaungua na homa, mi niko naangalia mikono ya watu?"

Dative aliandika jibu hilo kama lilivyo, akaweka alama ya kuuliza pembeni. Mtu aliyebeba ndoo ya mtu mwingine siku mia moja na thelathini anaijua mikono inayoipokea. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kutia sahihi ni kingine.

*

Pikapu ya kazi ilikuwa na mafuta ya mzunguko mmoja tu. Dereva, Fortunat, alikuwa amepanga foleni ya kituo tangu juzi, na alisema waziwazi kwamba madame akisahau kitu Kamenge atakirudia kwa miguu.

Baa ilijulikana bila kuulizwa. Libère hakuitaja jina, lakini mwenye baa alijitaja mwenyewe. Ukurasa wa gazeti ulikuwa umebandikwa juu ya friji, umetiwa plastiki, na chini yake, kwenye kona, meza moja ilikuwa na kitambaa cheupe na ua la plastiki. Meza nyingine zote zilikuwa tupu za mbao. Kwenye ile ya kitambaa vijana wanne walikuwa wanakunywa bia na kupigana picha.

"Hiyo ndiyo meza yenyewe," alisema mwenye baa, Jérémie, akipangusa mikono. Hakuwa ameulizwa.

"Ulimwona?"

"Kabisa, chef. Kama ninavyokuona we."

"Eleza."

Jérémie akaeleza. Mjane aliingia saa tisa mchana. Alikuwa na hina mbichi mikononi, nyekundu kama pilipili ya Rumonge. Marashi yalifika hadi meza ya pili.

"Wewe ulikuwa meza ya pili?"

"Mi? Apana, mi niko nyuma ya kontwari, nauza."

"Marashi yalifika kontwari?"

"Yalifika… karibu."

"Sasa niambie kitu kimoja alichofanya ambacho hakimo pale." Dative alionyesha juu ya friji. "Kimoja tu. Alilipa na noti gani, alikaa akiangalia mlango au ukuta, aliuliza choo, alimwita nani."

Jérémie alifikiri kwa bidii. Jasho lilimtoka chini ya pua. Macho yake yalipanda hadi kwenye gazeti, yakateremka, yakapanda tena, na nyuma yake mpishi wake, mwanamke mnene aliyekuwa anageuza mishikaki, alisema bila kugeuka, "Mwambie mama wa watu ukweli, sha. Siku ile tulikuwa watatu humu ndani, pamoja na paka."

"Nyamaza."

"Nanyamaza. Lakini paka naye hakumuona."

Vijana wa meza ya kona waliacha kupiga picha.

"Chef," Jérémie alisema, sauti imeshuka, "unielewe. Mutu anatoka mbali, hata Ngagara, hata Kinindo, anauliza: meza ni gani? Nikisema sikuona kitu, si atahama aende kwa mwenzangu? Na mi nilisoma. Huyu mutu anaandika ukweli miaka yote. Kama anasema aliona hapa kwangu, basi pengine ni mi nilikuwa chooni."

"Kwa hiyo ulimwona kwenye gazeti."

"Nilimuona kwenye gazeti," Jérémie alikubali, na kwa namna fulani alionekana kufarijika.

Dative alimwandikia hayo, akampa asaini. Alipotoka alitema mate kwenye mtaro, jambo ambalo Fortunat hakuwahi kumwona akifanya.

*

Libère alikuwa anaishi Cibitoke, nyuma ya karakana ya vitanda vya chuma, katika nyumba yenye kibaraza cha saruji nyekundu. Walimkuta kibarazani, bukta na singlendi, mguu mmoja juu ya goti la mwingine, anakwangua sugu ya kisigino kwa wembe. Vipande vya ngozi vilikuwa vinaangukia gazeti alilolitandaza chini. Lilikuwa *Kioo cha Jiji*. Hakusimama.

"Karibu, madame. Nimesikia unanitafuta. Mji huu hauna siri."

"Unajua basi kwa nini."

"Mjane." Alipuliza wembe. "Barua nilizopata kwa ile stori, hujawahi kuona. Kuna mama wa Musaga ameniandikia kwamba amemwacha mumewe. We unanisoma?"

"Kila Ijumaa. Miaka sita. Mama yangu haoni vizuri, mi ndiye ninayemsomea."

"Basi unanijua."

"Nilifikiri hivyo," Dative alisema. "Alhamisi tarehe 24, saa tisa. Ulikaa meza gani?"

"Sekre profesioneli. Siri ya kazi."

"Meza ni sekre profesioneli?"

"Vyanzo. Mazingira ya kazi. Kuna sheria inayotulinda, unaijua kuliko mimi." Alikwangua tena, kipande kirefu kikajikunja na kuanguka juu ya picha yake mwenyewe. "Ninachoweza kukupa ni neno langu. Wasomaji wangu neno langu linawatosha."

"Mjane huyo anaweza kulala gerezani Jumatatu kwa neno lako hilo."

"Kama hana hatia, mahakama itaona." Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayemwambia mwingine mvua itakatika. "Kazi yangu si kuhukumu. Kazi yangu ni kuona."

Dative aliangalia wembe, akaangalia kisigino, akaangalia yale mabaki meupe kwenye ukurasa ambao mama yake hugusa kwa vidole kila Ijumaa akiuliza, ndiyo hapa anaposema?

"Vizuri," alisema. "Vyanzo sikuulizi. Lakini hapa hakuna chanzo, wewe ndiye shahidi. Umeandika uliona kwa macho yako. Shahidi aliyeona hufanyiwa konfrontasio, anakutanishwa uso kwa uso na anayemtuhumu. Vaa suruali."

Kwa mara ya kwanza wembe ulisimama.

"Leo?"

"Sasa hivi. Nina mafuta ya kufika Nyakabiga tu."

Njiani Libère alirudi katika hali yake. Alimwuliza Fortunat habari za foleni ya mafuta, akatoa kijidaftari akaandika jambo. Dative, kiti cha mbele, alipiga simu moja fupi kwa Yasmina: wanawake watatu, ushungi mmoja mmoja, wakae kwenye mkeka, mikono ndani ya nguo, na asiwepo wa kumsalimia mgeni kwa jina.

*

Walikuta mkeka umetandikwa na ua umejaa. Kama kungekuwa na tiketi, zingekwisha. Watoto walikuwa juu ya ukuta.

Dorothée alikuwa ameketi katikati, ushungi wa Yasmina umembana usoni, amenuna. "Mi mukristu," alikuwa anamwambia jirani yake wa kushoto. "Mi niko mu korali. Nikiulizwa kanisani nitasema nini?"

"Utasema polisi," Yasmina alijibu.

Kushoto Yasmina, katikati Dorothée, kulia Mwanasiti. Dative alikuwa ameeleza kwa simu kwa nini: utambulisho ni utambulisho, mtu haonyeshwi mtu mmoja akaulizwa ndiye huyu? Lakini Dorothée alikuwa amekubali kwa sababu nyingine, na hakuificha. Alitaka kumwona kwa karibu mtu aliyemwambia ukweli wa kifo cha mdogo wake wakati hospitali haikumwambia kitu. Libère alipoingia langoni, Dorothée alinyanyuka kidogo kwenye mkeka, macho yake yakamkazia usoni, wala hayakumwacha.

"Bwana Libère," Dative alisema, kalamu juu ya karatasi. "Mwanamke uliyemwona kwa macho yako Kamenge, akipokea kifuko, yumo humu?"

Libère alitembea mbele ya mkeka polepole, mikono nyuma. Alimpita Yasmina. Alipofika katikati alisimama, akayatazama macho yale yaliyomkazia, akatabasamu kidogo kwa huzuni, kama mtu anayejua kwa nini anachukiwa.

"Inaniuma kusema," alisema. "Lakini sura hii siwezi kuisahau. Ni huyu."

Kidole chake kilikuwa kwenye pua ya Dorothée.

Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja juu ya ukuta alianza, akafinywa.

"Mi?" Dorothée alisema.

"Ni yeye, una hakika?" Dative aliuliza bila kuinua kichwa. "Ninaandika."

"Hakika kabisa. Mikono tu sasa haina hina, nadhani."

"Shahidi amemtambua Dorothée, dada wa marehemu," Dative alisoma huku akiandika, "kuwa ndiye mjane aliyempa marehemu sumu."

Libère aliwaangalia wanawake watatu upya, mmoja baada ya mwingine. Rangi ya uso wake haikubadilika sana. Alikuwa mtu aliyezoea kurekebisha sentensi. "Mle ndani kulikuwa na giza," alisema.

"Saa tisa mchana."

"Kona ile ni ya giza."

"Umeniambia sura huwezi kuisahau. Sasa ni giza. Tuendelee mpaka wapi? Mwenye baa hakumwona mtu. Mpishi hakumwona. Wewe mwenyewe Kamenge ulikwenda lini mara ya mwisho?"

Libère alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya kawaida, karibu ya kirafiki, na hiyo ndiyo iliyowachefua watu zaidi. Alikuwa ananyolewa saluni, Cibitoke. Mtu mmoja akasema Nyakabiga kuna kijana amekufa, na jirani yake ni mjane, na mjane alikuwa anampa chakula. Basi. Hayo mengine aliyaweka yeye: baa, kifuko, marashi. Hina aliiweka mwishoni, usiku wa kufunga ukurasa, kwa sababu mwanamke alikuwa hana rangi.

"Saluni," Dative alisema. "Ungeandika 'nilisikia saluni.'"

"Safu inaitwa *Niliona kwa Macho Yangu*," Libère alijibu, akishangaa kweli kwamba jambo hilo linahitaji kuelezwa. "Nikiandika nilisikia saluni, nani atasoma?"

Dative alimpa karatasi. Alisaini kila ukurasa, saini nzuri yenye mkia. Kisha akamrudishia kalamu, akauliza kwa sauti ya chini, "Madame, hii konfrontasio, naweza kuiandika? Bila majina. Ina kitu ndani."

Dative alimwonyesha lango, na Fortunat akamwongoza hadi kwenye pikapu, akimshika kwa ncha za vidole mkono wa shati.

Dorothée alikuwa bado amekaa palepale, ushungi kichwani.

"Andika na yangu," alisema.

"Sema."

"Mikono yake haikuwa na hina. Ijumaa haikuwa nayo, Jumamosi haikuwa nayo. Jumamosi ile alinishika hapa na hapa wakati wanamutoa mudogo wangu." Aligusa mabega yake. "Mikono mitupu. Niliiona."

"Asubuhi ulisema hukuangalia."

"Nilisoma ile gazeti mara tano. Mara ya tano nikasema, pengine macho yangu ndiyo hayakuona muzuri. Yeye ni mutu wa kuandika. Mi ni muuza samaki, ndagala tu." Alivuta ncha ya ushungi. "Na malaria haina uso. Nilitaka mutu."

Dative aliandika hadi neno la mwisho, akafunga dosiye. Jumatatu ingekwenda parike ikiwa nene, ikiwa na jina la Libère juu. Watu walianza kutawanyika, kila mmoja akisema tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi na ile habari, na yule mama wa mchele akisema yeye hakuwahi hata kuisoma, ingawa ndiye aliyeileta parselini.

Ilishapita saa nane. Mwanasiti aliinuka kwenye mkeka, akaingia ndani, akatoka na sinia la wali na maharage yenye mawese, akaliweka kizingitini. Mji huu unaogopa sumu kuliko radi. Desturi ni kwamba mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya mgeni, na hakuna anayeona ni matusi. Kwa siku nane kila aliyenunua hata andazi kwa Mwanasiti alimsimamia mpaka amege na kutafuna. Kwa hiyo wote waliobaki uani walingojea mkono wake uende kwenye sinia.

Mkono haukwenda. Aliukunja juu ya magoti, akamwangalia Dorothée.

"Mi leo sionji kwanza," alisema. "Dada Dorothée, vua hicho kitambaa, nawa, uingie tule."